Maradhi na kifo cha Ludwig van Beethoven

Ludwig van Beethoven (alibatizwa Bonn, Ujerumani, 17 Desemba 1770 – alifariki Vienna, Austria, 26 Machi 1827) alikuwa mtunzi wa muziki na mpiga piano kutoka Ujerumani. Wengi wanamjua kwa simfonia zake 9 na kwa uziwi wake. Wachache wanajua kwamba ugonjwa uliomuua ulikuwa wa tumbo. Katika miezi yake ya mwisho tumbo lilijaa maji, hali ambayo kwa lugha ya kitabibu huitwa asaitesi, na madaktari wakalitoboa mara 4 ili kuyatoa. Kila mara maji hayo yalimwagwa, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na maabara ya kuyapima. Kwa sababu hiyo chanzo cha kifo chake kiliendelea kubishaniwa kwa karibu miaka 200.

Familia na ujana

Beethoven alizaliwa katika familia ya wanamuziki. Babu yake, aliyeitwa pia Ludwig, alikuwa kiongozi wa muziki katika ikulu ya askofu mkuu wa Köln, ambayo ilikuwa Bonn. Baba yake Johann alikuwa mwimbaji hapohapo. Johann alimfundisha mtoto kwa ukali, na tarehe 26 Machi 1778 alimpandisha jukwaani mjini Köln akiwa na umri wa miaka 7. Mwalimu wake wa kwanza wa maana alikuwa Christian Gottlob Neefe, mpiga kinanda cha kanisa.

Kuna mambo mawili ya familia hii ambayo daktari wa leo angeyaandika katika faili la mgonjwa. La kwanza ni pombe: baba yake alikuwa mlevi, na bibi yake mzaa baba vilevile. La pili ni kifua kikuu: mama yake, Maria Magdalena, alikufa kwa ugonjwa huo mwaka 1787, na mdogo wake Kaspar Karl mwaka 1815. Pombe huharibu ini, na kifua kikuu huweza kushambulia utando wa ndani ya tumbo. Vyote viwili huweza kujaza tumbo maji.

Vienna na uziwi

Novemba 1792 Beethoven alihamia Vienna, akasoma kwa Joseph Haydn, halafu kwa Johann Georg Albrechtsberger na Antonio Salieri. Alipata sifa kwanza kama mpiga piano, hasa kwa uwezo wake wa kubuni muziki papo hapo mbele ya watu. Lakini kabla hajafikisha miaka 30 alianza kusikia mvumo masikioni, na sauti za juu zikaanza kumpotea.

Mwaka 1801 alimwandikia rafiki yake wa Bonn, daktari Franz Wegeler, kumweleza siri hiyo. Barua hiyo hutajwa mara nyingi kwa ajili ya masikio, lakini ndani yake kuna malalamiko mengine: tumbo lililokuwa likimsumbua tangu Bonn, kwa kuhara na msokoto wa mara kwa mara. Tumbo hilo halikupona tena hadi kufa kwake.

Mwaka 1802, akiwa katika kijiji cha Heiligenstadt nje ya Vienna, aliwaandikia ndugu zake waraka ambao hakuutuma. Ulipatikana katika karatasi zake baada ya kifo. Alieleza humo jinsi uziwi ulivyomtenga na watu hadi akafikiria kujiua, na jinsi sanaa ilivyomzuia. Aliomba pia kwamba akifa, daktari wake Johann Adam Schmidt, kama bado yuko hai, aandike maelezo ya ugonjwa wake, ili walimwengu wamwelewe angalau baada ya kifo. Schmidt alitangulia kufa mwaka 1809.

Kazi zake kubwa zilikuja baada ya waraka huo. Simfonia ya 3 ilikamilika mwaka 1804, ya 5 na ya 6 zilipigwa kwa mara ya kwanza katika jioni moja tarehe 22 Desemba 1808, na opera yake pekee, Fidelio, ilipata sura yake ya mwisho mwaka 1814. Kuanzia mwaka 1818 wageni walizoea kumwandikia maneno yao katika madaftari, naye akijibu kwa mdomo. Madaftari mengi ya aina hiyo yamehifadhiwa, nayo ndiyo chanzo kizuri cha habari za ugonjwa wake, ingawa kwa kawaida yanaonyesha upande mmoja tu wa mazungumzo. Simfonia ya 9 ilipigwa tarehe 7 Mei 1824, mtunzi akiwa haisikii.

Dalili za ini

Katika mwaka 1821 Beethoven alipata manjano, yaani ngozi na macho kugeuka rangi ya njano. Hii ndiyo dalili ya kwanza iliyo wazi kwamba ini lilikuwa na hitilafu. Aprili 1825 aliugua tena tumbo kwa wiki kadhaa. Daktari Anton Braunhofer alimkataza divai, kahawa na viungo vikali, naye safari hii alitii. Alipopata nafuu aliandika sehemu ya polepole ya kwarteti yake namba 132, ambayo aliitaja kuwa shukrani ya mgonjwa aliyepona kwa Mungu. Katika miezi hiyohiyo alitokwa damu puani na mdomoni. Mtu mwenye ini bovu hutokwa damu kwa urahisi, maana ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya protini za kugandisha damu.

Kuhusu pombe, wanaoandika habari zake hawakubaliani. Kwamba alikunywa divai kila siku ni hakika. Kwamba alikuwa mlevi kama baba yake haijathibitishwa, na kiasi cha kazi alichokifanya katika miaka hiyo ya mwisho hakifanani na cha mtu anayeamka amelewa. Lakini ini lililokwisha kuumia halihitaji pombe nyingi ili liharibike zaidi.

Majira ya baridi ya 1826

Mwishoni mwa Septemba 1826 Beethoven alikwenda Gneixendorf, kwenye shamba la ndugu yake Nikolaus Johann, aliyekuwa mfamasia tajiri. Alifuatana na mpwa wake Karl, aliyekuwa amejaribu kujiua miezi michache nyuma. Huko miguu ilianza kuvimba na chakula kikawa hakimpendezi. Mwanzoni mwa Desemba alirudi Vienna kwa gari la wazi, akalala njiani katika chumba kisicho na moto, na usiku akashikwa na homa na kutetemeka.

Daktari Andreas Wawruch, profesa wa tiba aliyekuwa pia mpenzi wa muziki, alifika tarehe 5 Desemba baada ya madaktari wengine kushindwa kuja. Alimkuta na dalili za homa ya mapafu. Baada ya wiki moja mgonjwa alianza kuinuka, halafu hali ikageuka kwa ghafla: manjano, kutapika, kuhara, mkojo kupungua. Siku baada ya siku tumbo likakua.

Tarehe 20 Desemba daktari wa upasuaji Johann Seibert alilitoboa na kuingiza mrija. Maji yalitoka kwa nguvu. Wawruch aliandika kwamba zilitoka ratili 25, yaani zaidi ya lita 10. Beethoven, aliyependa utani hata katika hali hiyo, alimlinganisha Seibert na Musa akiupiga mwamba kwa fimbo. Alipata nafuu mara moja, lakini kidonda kilivimba na kuwa chekundu, na maji yakaendelea kuvuja.

Maji yalirudi. Tumbo lilitobolewa tena tarehe 8 Januari, 2 Februari na 27 Februari 1827. Katikati ya matobo hayo aliitwa Giovanni Malfatti, daktari mashuhuri ambaye Beethoven aligombana naye miaka mingi nyuma. Malfatti aliagiza kinywaji cha pombe kilichogandishwa kwa barafu. Mgonjwa alifurahi na akalala vizuri siku za kwanza, kisha akazidisha, na ikabidi kinywaji kikatazwe. Alijaribiwa pia kwa mvuke wa moto ili atoke jasho, naye akavimba zaidi.

Marafiki hawakumsahau. Johann Andreas Stumpff, mtengenezaji wa vinubi aliyeishi London, alimletea kazi za Händel, naye aliyafungua majuzuu hayo kitandani kwa furaha kubwa. Chama cha Philharmonic cha London kilimpelekea pauni 100. Divai ya Rhine aliyokuwa ameiomba kwa mchapishaji wake ilifika tarehe 24 Machi, siku aliyopokea sakramenti za wagonjwa. Jioni hiyo alipoteza fahamu. Tarehe 26 Machi, kiasi cha saa 11:45 jioni, alikata roho wakati ngurumo zikipiga juu ya mji. Alizikwa tarehe 29 Machi mbele ya maelfu ya watu.

Uchunguzi wa maiti

Siku iliyofuata kifo daktari Johann Wagner aliupasua mwili nyumbani kwa marehemu, na taarifa yake kwa Kilatini imehifadhiwa. Ini lilikuwa limesinyaa hadi nusu ya ukubwa wa kawaida, gumu kama ngozi iliyotiwa dawa, lenye rangi ya kijani na bluu, na uso wake umejaa vinundu vya ukubwa wa haragwe. Wengu ulikuwa mkubwa zaidi ya mara mbili, mweusi na mgumu. Kongosho pia lilikuwa kubwa na gumu, na ndani ya figo palikuwa na chembe za chokaa. Tumboni yalibaki maji mengi ya rangi ya kahawia, yaliyochafuka.

Ini la namna hiyo ni ini lenye sirosisi, jina lililotolewa mwaka 1819 na Mfaransa René Laennec, mtu yuleyule aliyevumbua chombo cha kusikilizia kifua. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni nini kilichoifanya sirosisi hiyo, na kama hiyo peke yake ilitosha kumuua kwa haraka kiasi kile.

Kama maji yale yangepimwa

Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Starling alieleza kwa nini maji hutoka kwenye mishipa ya damu na kwa nini hubaki ndani. Shinikizo la damu huyasukuma nje. Protini, hasa albumini, huyavuta ndani. Kipimo cha kwanza ambacho hospitali ya leo hufanya kwa mgonjwa mwenye maji tumboni kimejengwa juu ya elimu hiyo. Hutolewa sampuli ya maji kwa sindano, na siku hiyohiyo damu kutoka mkononi. Albumini hupimwa katika zote mbili, kisha ile ya maji hutolewa kutoka ile ya damu.

Tofauti ikiwa gramu 1.1 au zaidi kwa kila desilita, shinikizo limepanda katika mshipa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini. Mfano: damu 2.8, maji 0.9, tofauti 1.9. Maana yake ni kwamba maji yamekamuliwa na shinikizo huku albumini ikiachwa nyuma, kama chujio linavyofanya. Hivyo ndivyo ilivyo kwa ini lenye makovu, kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu, na kwa kichocho cha matumbo, ambacho wakazi wa mwambao wa Ziwa Viktoria wanakijua. Tofauti ikiwa chini ya 1.1, mara nyingi utando wa tumbo wenyewe ni mgonjwa na unavujisha albumini pamoja na maji, kama katika kifua kikuu cha tumbo au saratani iliyoenea. Ugonjwa wa figo unaopoteza protini katika mkojo nao hutoa tofauti ndogo, kwa sababu damu yenyewe imeishiwa albumini.

Kwa Beethoven karibu ni hakika kwamba tofauti ingekuwa kubwa, kwani wengu ule uliovimba ni alama ya shinikizo hilohilo. Lakini ini na moyo hutoa jibu moja. Ili kuwatenganisha hupimwa jumla ya protini katika maji: ikizidi gramu 2.5 kwa desilita moyo hushukiwa, ikiwa pungufu ni ini. Kipimo hiki hakikosi kosa, ila ni rahisi na hakihitaji mashine ya gharama.

Kipimo cha pili huenda ndicho ambacho kingebadilisha matibabu ya mtunzi huyu: kuhesabu chembe nyeupe za damu kwa hadubini. Chembe za aina ya neutrofili zikifika 250 katika milimita moja ya ujazo, maji huhesabiwa kuwa yameingiwa na bakteria, na dawa za kuua bakteria huanza siku hiyohiyo bila kungoja majibu mengine. Sampuli nyingine huingizwa kwenye chupa za kuoteshea bakteria kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa sababu ikichelewa njiani vimelea huweza kufa na jibu likawa la uongo. Maji aliyoyaona Wagner yalikuwa yamechafuka, na tumbo lilikuwa limetobolewa mara 4 kwa vyombo ambavyo hakuna aliyefikiria kuvichemsha. Maambukizi yanawezekana sana, ingawa rangi peke yake haithibitishi.

Kwa sababu ya mama na ndugu yake, maabara ingetafuta pia kifua kikuu. Katika ugonjwa huo chembe nyingi huwa limfosaiti, na kimeng'enya kiitwacho adenosini diaminasi huongezeka katika maji. Bakteria wenyewe, aliowagundua Robert Koch mwaka 1882, huonekana mara chache sana katika maji ya tumboni, na kuwaotesha huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana kimeng'enya hicho kina faida. Kongosho lile gumu lingefanya madaktari waombe kipimo cha amilesi. Saratani hutafutwa kwa kuangalia seli za maji chini ya hadubini, na maji meupe kama maziwa hupimwa mafuta.

Pamoja na hayo yote, maji ya tumboni yana mpaka wake. Yakisema ini limeharibika, hayasemi limeharibiwa na nini. Pombe na virusi huacha majibu yaleyale. Hapo hurudiwa damu, na kipimo cha lazima ni cha virusi vya homa ya ini aina ya B na C. Virusi vya aina ya B vilijulikana kutokana na kazi ya Mmarekani Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Kutoa maji nako kumebadilika. Leo yakitolewa zaidi ya lita 5 kwa mara moja mgonjwa huongezewa albumini kwa mshipa, gramu 6 hadi 8 kwa kila lita, ili mzunguko wa damu na figo visiporomoke. Wawruch na Seibert hawakuwa na kitu kama hicho, na si haki kuwalaumu kwa kukikosa.

Nywele

Marehemu alipolazwa chumbani, wageni waliomba na wengine walichukua nywele zake kama kumbukumbu. Nywele hizo ndizo zilizokuja kupimwa mahali pa maji na damu. Shada lililopewa jina la Ferdinand Hiller, aliyekuwa kijana wa miaka 15 alipomtembelea mgonjwa, lilikutwa na madini mengi ya risasi, na kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba Beethoven alikufa kwa sumu ya risasi.

Mwaka 2023 kundi la watafiti lililoongozwa na Tristan Begg lilichapisha uchunguzi wa DNA wa mashada 8. Matano yalionekana kuwa ya mtu mmoja na yenye kuaminika. Shada la Hiller halikuwamo: nywele zake zilikuwa za mwanamke. Katika shada lijulikanalo kwa jina la Stumpff, watafiti walikuta DNA ya virusi vya homa ya ini B. Jenomu yake ilionyesha pia kwamba alirithi hatari kubwa ya ugonjwa wa ini, hatari ambayo huongezeka kwa mnywaji. Kwa hiyo sababu tatu zilikutana katika kiungo kimoja: kurithi, virusi na divai. Aliambukizwa lini na kwa njia gani haikuweza kujulikana.

Mwaka 2024 mashada mawili kati ya yale ya kweli yalipimwa risasi. Yalikutwa na mikrogramu 258 na 380 kwa kila gramu ya nywele, wakati kiasi cha kawaida hakizidi 4. Divai ya zama zile ilitiwa risasi ili iwe tamu na angavu. Watafiti waliona kwamba kiasi hicho hakikutosha kumuua peke yake, lakini huenda kilichangia maumivu ya tumbo na uziwi.

Kuhusu uziwi wenyewe, jenomu haikutoa maelezo yoyote. Wagner alikuwa ameitoa mifupa ya masikio ili ichunguzwe zaidi, lakini ilipotea. Mwaka 1888 mabaki ya Beethoven yalihamishwa kutoka makaburi ya Währing hadi Makaburi Makuu ya Vienna, ambako yapo hadi leo.